Safari Hii Nimebebewa: Siku Saba Rwenzori

Miaka tisa nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Mahema, meza, mitungi ya gesi, hata choo cha kubebeka, nacho nilikifikisha kambi ya Barafu bila kinyongo kwa kuwa kilikuwa chepesi kuliko unga. Sisi wa kazi ile tunajiita wagumu. Goti la kushoto lilipoanza kulia kama mlango wenye kutu niliacha, nikafungua duka la vifaa vya umeme Himo, nikajua habari za milima zimekwisha.

Aliyezifufua ni mpwa wangu anayesoma Kampala. Alinipigia simu mwezi wa kumi: "Mjomba, umebeba watu miaka yote hiyo. Njoo Rwenzori, milima ya huku Uganda mpakani na Kongo, siku moja ubebewe wewe." Akaongeza kwamba sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunalipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali. Nakiri hilo la pili ndilo lililonitoa dukani.

Safari ya basi, Moshi hadi Kampala kupitia Nairobi, kisha Kampala hadi Kasese, sitaisimulia. Aliyeipanda anaijua, na ambaye hajaipanda asiwe na haraka. Tulishuka Kasese jioni, joto kama la Mombasa. Nilimuuliza kijana wa boda mlima uko wapi. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa mawingu, kisha akanitazama kama mtu anayesubiri nimwamini.

Basi hiyo ndiyo tabia yake. Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, ukiamka asubuhi njema unaiona ukiwa kitandani. Rwenzori inajificha sehemu kubwa ya mwaka. Msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alipopita upande wa Ziwa Albert mwaka 1888, akiwa na msafara uliojaa wapagazi wa Zanzibar, kijana mmoja alimwonyesha kwa mbali mlima aliosema umefunikwa chumvi. Haikuwa chumvi. Lakini nampenda yule kijana: aliona kitu cheupe asichokijua, akakipa jina la kitu kinachojulikana jikoni. Mlima wenye theluji hiyo leo unaitwa kwa jina la Stanley. La kijana hakuna aliyeliandika.

Siku ya kwanza: Nyakalengija hadi Nyabitaba

Lango liko Nyakalengija, mita 1,646, pembeni ya mashamba ya kahawa na migomba ambayo Mchaga akiyaona anatafuta shamba la baba yake. Mizigo ilipimwa kwenye mizani ya kuning'iniza. Mkoba wangu uliponyanyuliwa na mtu mwingine mkono wangu ulitoka wenyewe kuufuata. Mpwa wangu akanicheka: "Mjomba, uache!"

Aliyeuchukua ni mzee mfupi, mkavu, ambaye kwa kumkadiria alikuwa kwenye sitini. Hakuuvaa mgongoni kama sisi. Aliufunga kamba, akapitisha mkanda mpana kwenye paji la uso, akainama kidogo, akaondoka. Kilimanjaro tunaweka kichwani au shingoni, na nilidhani nimeona kila namna ya kubeba. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Akajibu, "Jambo sana, papa." Kumbe alipokuwa kijana alifanya kazi Beni, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilitoka huko. Kwake mimi nilikuwa papa, yaani baba, ingawa ni umri wa mwanawe.

Kikosi chetu kilikuwa cha Wakonzo watupu, wenyewe wanasema Bakonzo. Majina yao yanafuata mpangilio wa kuzaliwa: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Ukiita Baluku kambini wanageuka watatu. Kwa hiyo kila mtu ana jina la pili la kumtofautisha, na mimi nilijiokoa kwa kumwita kiongozi wetu Kiongozi na yule mzee Mzee.

Njia ya siku hiyo ni ya msituni, inapanda mgongo mkali hadi Nyabitaba kwenye mita 2,651. Tulimkuta kinyonga mwenye pembe tatu puani, kama kifaru aliyepunguzwa ukubwa, akavuka tawi kwa taratibu ileile anayovuka nayo bila watazamaji. Mvua ilianza saa nane mchana. Mpwa aliuliza itakatika saa ngapi. Kiongozi akasema, "Kesho labda," na hakuwa anatania.

Siku ya pili: hadi kambi ya John Matte

Asubuhi tuliteremka kwanza, jambo linalomuudhi kila mpanda mlima, hadi daraja la Kurt Schafer mahali mito Bujuku na Mubuku inapokutana. Kisha mianzi, kisha mawe yaliyovaa utelezi na kuvumwani, ile mimea laini inayoota penye unyevu, saa nne nzima za kutazama miguu.

Mtu wa Kilimanjaro anahitaji kuzoeshwa Rwenzori kwa sababu hii: mlima wetu ni wa volkano, una vumbi, maji yanazama kwenye majivu, na sisi wagumu tunayabeba kwa ndoo kutoka mbali. Huu si volkano. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu Bonde la Ufa lilipopasuka, na maji yake hayana pa kuzama. Yanatiririka chini ya mawe, ndani ya mizizi, ndani ya buti. Na yote, ya upande wa Uganda na ya upande wa Kongo, yanaishia Nile. Nilidhani ya Kongo yanaenda Mto Kongo, maana jina linakuelekeza hivyo. Kumbe yanaingia Mto Semliki, yanakwenda Ziwa Albert, yanakutana na wenzake huko.

Juu ya mita 3,000 tuliingia kwenye miti ya hedha, yenye majani madogo kama sindano. Kwetu hedha nyingi nilizozipita ni vichaka vya kufika kifuani. Hapa ni miti, imeota kuvumwani ya kijani, ya njano na ya rangi ya kutu, unene wa godoro, na kutoka kwenye matawi zinaning'inia ndevu ndefu za kijivu. Ukigusa shina mkono unazama hadi kifundo kabla ya kupata mti wenyewe. Mpwa alipiga picha mia na zaidi. Usiku perere, wanyama wadogo wa mitini, walipiga kelele kwenye miti kama mtu anayesaga meno, akaniuliza kama ni chui. Nikamwambia alale.

Siku ya tatu: tope la Bigo

Hii ndiyo siku niliyoonywa nayo, na maonyo yalikuwa madogo.

Buti zangu za mlimani zilibaki kwenye mkoba. Nilivaa gambuti za mpira kama za kuoshea ng'ombe, na nilipoziona pale langoni nilidharau. Bigo ni mabonde mawili ya kinamasi, la chini na la juu. Yamejaa vishungi vya nyasi vinavyofika kiunoni, kila kimoja kimesimama peke yake kama kigoda kwenye maji meusi. Njia ya zamani ni kuruka kutoka kishungi hadi kishungi. Sehemu kubwa sasa ina njia ya mbao, lakini mbao zinaoza, na pale zilipokatika unarudi kwenye zama za kuruka.

Niliruka vishungi kumi na moja vizuri. Nilikuwa nahesabu. Cha kumi na mbili kiliinama kama mtu anayekusalimu, mguu wa kulia ukaenda chini hadi nyonga. Baridi yake haikuwa ya maji, ilikuwa ya kitu kilichokaa gizani muda mrefu. Nilivuta mguu, gambuti ikagoma. Nilivuta tena, tope likatoa sauti ambayo kwa watu wazima haitamkiki, na mguu ukatoka na soksi tu. Mzee alirudi, akaweka mzigo wangu juu ya kishungi, akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa kama mtu anayetafuta kambale. Akaitoa gambuti, akaigeuza, akamwaga uji mweusi, akanikabidhi.

"Minabebaka tangu niko kijana," alisema. "Hii shimo najua. Iko na njaa."

Pale nilikumbuka wageni niliowatoa kwenye vumbi na matapishi yao Kilimanjaro, na jinsi walivyokuwa wakisema samahani, samahani. Nilikuwa nikiwaza: samahani ya nini, hii ni kazi. Sasa na mimi nilisikia kinywa changu kikisema samahani, samahani.

Jioni tulifika Bujuku, karibu mita 3,970. Kwa dakika ishirini ukungu ulifunguka. Ziwa Bujuku chini yetu, lobelia, mimea mirefu ya milimani, zimesimama kingoni kama minara ya misikiti midogo, Mlima Baker kusini, Speke kaskazini, na Stanley mbele yetu. Juu ya Stanley palikuwa na mstari mweupe. Hapo ndipo nilipoiona barafu ya Rwenzori kwa mara ya kwanza, siku ya tatu ya kutembea. Nilitafuta ya Speke na ya Baker. Kiongozi alifuata macho yangu, akasema nisijisumbue, huko sasa ni mawe.

Msafara wa Duki wa Abruzzi (duki ni cheo cha ukoo wa kifalme), Mtaliano Luigi Amedeo wa Savoia, ulipofika hapa mwaka 1906 milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Wataalamu waliohesabu baadaye walitaja mito ya barafu 43 ya enzi ile. Kati ya 1987 na 2003 peke yake, barafu yote kwa pamoja ilishuka kutoka kama kilomita 2 za mraba hadi chini ya 1. Na mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu ya Afrika yote, ya kwetu Kibo ikiwemo, huenda isifike 2050. Mpwa alipiga hesabu ya umri wake kwa sauti. Mimi wangu niliupiga kimya.

Siku ya nne: Elena, na habari za mpaka

Kutoka Bujuku kuna korongo lenye senesio wakubwa, wale wenye kichwa cha kabichi juu ya shina, kwetu tunao lakini si kwa wingi huu. Baada ya hapo ni mwamba mtupu. Kibanda cha Elena kiko mita 4,541, juu ya mawe yaliyolainishwa na barafu iliyowahi kupita hapo. Ni kidogo, kinanuka mafuta ya taa na soksi.

Mpwa alianza kunyamaza kwenye mita 4,300 hivi. Mtu wa maneno akinyamaza mlimani mimi humtazama. Alikataa chai, akasema kichwa ni kidogo tu, akatapika nyuma ya kibanda akidhani sikumwona. Nilimkalisha, nikamuuliza jina la mama yake, siku ya leo, akatembea mstari kisigino kwa kidole. Akili ilikuwepo, miguu ilikuwepo, kikohozi hakikuwepo. Nilimwambia: kileleni huendi. Ikizidi usiku, unashuka gizani na taa, si asubuhi. Alilia kidogo. Alikuwa ameweka akiba miezi minane.

"Mjomba, si ulisema wewe uliwahi kupanda na kichwa kinauma?"

"Nilikuwa nalipwa," nilimwambia. "Na nilikuwa mjinga."

Usiku ule jikoni, wapagazi walipika bundu, yaani ugali wa muhogo, na maharage. Mimi nilipaswa kula chakula cha wageni, tambi, nikaomba bundu. Wakacheka, wakanipa. Kiongozi alianza kuzungumza habari za mama yake mdogo, yaani dada wa mama. Ameolewa Mutwanga, chini kabisa ya mlima upande wa Kongo. Watu walewale: huku ni Wakonzo, kule wanaitwa Wanande, lugha ni moja kwa tofauti ndogo. Kiswahili chake Kiongozi alikipata kwa watoto wa huyo mama.

"Kileleni umefika mara ngapi?" nilimuuliza.

"Niliacha kuhesabu kwenye mia."

"Na kwa mama mdogo?"

"Mara nne." Kwenda huko anashuka hadi Kasese, anapanda gari hadi Mpondwe, anavuka Kasindi kwa karatasi, anatafuta pikipiki. Kupanda mlima na kuteremkia upande wa pili haruhusiwi, na kuna miaka ambayo hakuna aliyethubutu hata kufikiri. Waasi walijichimbia kwenye milima hii, hifadhi ya upande wa Uganda ikafungwa 1997 hadi 2001. Upande wa Kongo, ambako mlima umo ndani ya hifadhi ya Virunga, njia ya Mutwanga ipo tangu enzi za Wabelgiji, lakini amani yake inakuja na kuondoka.

Nilimwambia jambo la kwetu. Ukiangalia ramani, mpaka wa Kenya na Tanzania unakuja umenyooka kutoka ziwani, ukifika Kilimanjaro unapinda, unauzunguka mlima, kisha unanyooka tena hadi baharini. Watu husimulia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni porojo, ulikuwa mgawo wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886. Lakini mlima ulibaki mzima. Huu wao, Waingereza na Wabelgiji walipokubaliana 1910, mpaka uliupanda hadi kilele cha Margherita kisha ukateremka.

Mzee alikuwa kimya muda wote, anakwangua sufuria. Akasema kwamba zamani wazee wake hawakufika huku juu. Theluji wanaiita nzururu, na kwenye theluji ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wao. Mtu hachungulii nyumbani kwa mwenye nyumba. Niliwaza Kibo, na wazee wetu waliozika watu wakiwaelekeza huko. Nikamuuliza Mzee: barafu ikiisha Kitasamba atakaa wapi? Aliweka sufuria chini, akasema, "Hiyo swali si ya kulia nayo bundu."

Siku ya tano: Margherita

Tuliamka saa saba usiku. Mpwa alikuwa amelala vizuri, kichwa kimepungua. Alibaki na msaidizi wa kiongozi. Tulitoka watatu: Kiongozi, kijana mmoja wa kubeba kamba, na mimi.

Kabla ya kutoka palitokea kioja. Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, nilikodi Kampala kwenye duka ambalo sitalitaja. Niliyajaribu dukani kwenye zulia, yakanikaa sawa. Hapa Elena, nikivuta mkanda wa mguu wa kushoto, ulikatika mkononi kama mkate mkavu. Kiongozi hakusema neno. Alitoa mfukoni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha mara tano, akafunga fundo, akalikanyaga, akanambia nipige mguu kwenye mwamba. Nikapiga. Haukutikisika. Nimeleta ule mpira nyumbani, uko dukani juu ya rafu ya swichi.

Saa ya kwanza ni mwamba uliolowa, unapanda na kushuka gizani. Kisha tukafika uwanda wa barafu wa Stanley. Tulifungana kamba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka tisa ya Kilimanjaro haikunifundisha kutembea kwenye barafu: njia zetu nyingi zinapita pembeni yake, unaiona, unaipiga picha, hukanyagi. Hatua ya kwanza meno yaliingia na sauti ya mtu anayetafuna sukari guru. Hatua ya pili nilikanyaga suruali yangu mwenyewe. Kiongozi akasema kwa upole nitembee kama niliyevaa nepi. Nikafanya hivyo hadi ng'ambo.

Barafu yenyewe haikuwa nyeupe. Chini ya taa ilikuwa ya kijivu, na mistari ya vumbi jeusi, na vishimo vidogo kila kimoja kimejaa maji yaliyoganda juu. Kwa chini nilisikia maji yakienda. Nilisimama kuyasikiliza, kamba ikanivuta.

Baada ya uwanda tuliteremka kwenye mwamba kwa kamba, tukapita chini ya kilele cha Alexandra, tukaanza barafu ya Margherita, ambayo ni kali. Abruzzi alipofika juu, tarehe 18 Juni 1906, na waongozaji wake wa kutoka milima ya Alpi, vilele hivi viwili alivipa majina ya malkia wawili, wa Italia na wa Uingereza. Cha juu, mita 5,109, alikipa wa kwao. Nimeishi na wageni, hilo halinishangazi.

Juu ya barafu kuna ukuta wa mwamba wenye kamba za kudumu na ngazi. Kiongozi alinionyesha kwa taa mstari kwenye mwamba, juu ya kichwa changu, mahali rangi inapobadilika kutoka kijivu cha jua hadi kijivu kibichi. Alipoanza kazi hii, alisema, barafu ilikuwa inaishia pale, walitoka kwenye barafu wakakanyaga mwamba moja kwa moja. Ngazi imekuja kwa sababu barafu imeshuka. Nilinyoosha mkono juu. Sikuufikia ule mstari, nikajaribu na shoka la barafu, nikaugusa kwa ncha.

Tulifika saa mbili na robo asubuhi. Mwanga ulikuwepo, lakini ni mwanga wa ndani ya maziwa. Kibao cha Margherita kilikuwa kimeota meno ya barafu upande mmoja. Sikuona Alexandra, iliyo hapo karibu kabisa. Sikuona Uganda wala Kongo. Nilimuuliza Kiongozi mpaka unapita wapi. Alitazama huku na huku, akasema kwa kawaida anawaambia wageni ni pale, akaonyesha jiwe. Wageni hupenda kuweka mguu mmoja huku na mmoja kule. "Lakini hakuna alama. Pale ni mimi nimechagua."

Sikuweka mguu. Nilikaa chini nikala ndizi iliyoganda. Goti lilikuwa linalia. Kiongozi alisimama ukingoni, upande wa magharibi, ameingiza mikono kwapani, anaangalia kwenye weupe. Mutwanga iko huko chini, alisema, ukidondosha jiwe litafika kabla yako ukipitia Mpondwe.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, kama siku zote, na nilianguka mara mbili, zote za makalio. Elena saa sita, mpwa amenisubiri na chai. Hakuniuliza kitu. Nilimpa jiwe dogo la kileleni. Baadaye Kiongozi akanambia kuchukua mawe hifadhini ni kosa, nikamrudishia, akaliweka chini ya kibanda. Jioni tukawa Kitandara, kwenye maziwa mawili ya rangi ya chai ya rangi, na mpwa akaanza tena kuongea.

Siku ya sita

Kupanda njia ya juu ya Freshfield, mita 4,282, kisha kushuka hadi kambi ya Guy Yeoman. Mvua kutwa. Hapana la kusimulia ila kwamba Mzee aliteleza kwenye jiwe, akakaa, mkanda ukatoka kwenye paji, na mkoba wangu ukabingirika hadi kichakani. Niliufuata mimi. Niliupandisha begani, nikatembea nao labda nusu saa kabla hajanifikia. Hakushukuru. Alinyoosha mkono, akasema, "Papa, utanifukuzisha kazi." Nikampa.

Siku ya saba: Nyakalengija

Kilomita nyingi za kushuka, magoti yote mawili sasa. Tulipita Nyabitaba bila kulala, saa tisa tukawa langoni, gambuti zimebadilika rangi.

Ikafika saa ya tipu. Mimi nimesimama upande wa pili wa mstari ule mara mia na zaidi, nimepokea bahasha nono na nimepokea kofia iliyotumika. Usiku nilikuwa nimepiga hesabu na mpwa, tukaweka kila mtu yake mkononi mwake, hadharani, kwa shilingi za Uganda, kuanzia aliyebeba mafuta ya taa. Najua pesa ikipitia mikono mingi inavyokonda. Mzee alihesabu zake polepole, akazikunja mara nne, akaziweka ndani ya soksi. Nikampa na gambuti za akiba nilizonunua Kampala, ambazo sikuzivaa. Alizipima kwa nje ya mguu, akasema ni za mjukuu.

Tukiwa tunasubiri gari, simu ya Kiongozi iliita. Alizungumza Kikonzo kwa muda, akicheka, nikasikia neno Margherita. Kisha akaniletea simu. "Ni mama mdogo wa Mutwanga. Anataka kusalimia Mtanzania."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayesimama kwenye upepo.

"Jambo sana, papa. Kule juu iko baridi mingi?"

"Baridi sana, mama."

"Mulituona?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na ukungu."

"Eh," alisema. "Na siye tuliangalia hiyo asubuhi. Ilikuwa mawingu tu."